Betri ya Pili Si Dawa ya Taa Zinazocheza na Besi

Ukikaa barabarani Ngamiani, hapa Tanga, jioni ya Jumamosi, msimu wa harusi, gari la mziki utalijua kabla hujaliona. Besi inatangulia, vioo vya maduka vinatetema, kisha linatokea gari lenyewe huku taa zake za mbele zikififia na kung'aa kila sabufa inapogonga. Wenyewe wanasema "taa zinacheza", na wapo wanaoona hiyo ndiyo sifa ya mziki mkubwa. Si sifa. Ni gari linalolia njaa ya umeme, na njaa hiyo huua betri, huchosha alteneta, huunguza spika, na ikikutana na waya mbovu huweza kuteketeza gari zima.

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwa fundi umeme wa magari ninayemfahamu, akaja kijana na IST yake. Alikuwa na betri mpya, hela ameshalipa dukani, anataka ifungwe kwenye buti ili taa ziache kucheza. Fundi hakuigusa ile betri. Alimuuliza tu, "Mdogo wangu, alteneta yako inatoa ampia ngapi?" Kijana hakujua. Kila aliyekuwa pale alikuwa na dawa yake: mmoja akasema kapasita (chupa inayotunza umeme kidogo na kuutoa haraka), mwingine akasema fyuzi kubwa, wa tatu akasema betri mbili ni lazima. Swali la fundi hakuna aliyelijibu, nalo ndilo la kuanza nalo.

Tuweke maneno sawa kwanza. Sisi watu wa Tanga maji tunayajua: yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yanapita kwenye bomba, yanajaa simtanki, halafu yanafika bombani jikoni. Umeme wa gari uchukulie hivyo hivyo. Volti ni msukumo wa maji. Ampia ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja. Wati ni kazi inayofanyika, nayo ni volti mara ampia. Waya ndio bomba. Alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini, ndiyo Mabayani yako. Huko ndiko umeme unakotoka injini ikiwa inawaka. Betri ni simtanki.

Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Betri haitengenezi umeme wa kuendeshea mziki. Inatunza ule iliopewa na alteneta. Ukiwa na bomba linalotiririsha kidogo na nyumba yenye watu ishirini, kuongeza simtanki la pili kutakusaidia siku moja, mpaka litakapokauka. Baada ya hapo una matanki mawili matupu, na lile bomba dogo sasa linatakiwa kuyajaza yote mawili.

Mfano huu unapungua mahali pamoja tu. Maji yakishatumika yanamwagika, lakini umeme lazima urudi ulikotoka. Unatoka kwenye chanya ya betri, unaingia kwenye amplifaya, kifaa kinachoipa sabufa nguvu, na unarudi kwenye hasi kupitia bati la gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita ethi. Ishike vizuri, maana tutairudia.

Sasa hesabu, na ni nyepesi. Amplifaya ya yule kijana imeandikwa wati 3,000 kwenye boksi. Usiamini boksi. Namba hiyo ni ya kilele, mshindo wa kufumba na kufumbua, na mara nyingi hata huo haufikiwi. Namba ya kweli ni ile ya nguvu ya kudumu, ambayo watengenezaji waungwana huiandika kwa herufi RMS. Isipokuwepo, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Yake ilikuwa na fyuzi mbili za ampia 30, jumla 60. Injini ikiwaka, gari huwa na volti kama 13.8. Zidisha: 60 mara 13.8 ni wati 828. Hizo ndizo zinazoingia, na si zote zinazotoka kama sauti. Amplifaya za daraja D, ambazo ndizo nyingi kwa sabufa siku hizi, hutoa karibu asilimia 80 ya kinachoingia. Kingine kinakuwa joto. Zile za daraja AB hutoa karibu nusu tu. Kwa hiyo "wati 3,000" za kijana wetu ni kama wati 650. Ni mziki wa kutosha kabisa kwa IST, lakini ni vizuri mtu ajue alichonacho.

Kumbuka pia kwamba omu za sabufa, yaani kipimo cha jinsi inavyouzuia umeme, zinabadilisha hesabu: ukishusha kutoka omu 4 kwenda 2, amplifaya inavuta umeme mwingi zaidi. Usiende chini ya kiwango ilichoandikiwa.

Twende kwenye alteneta. Ya gari dogo la namna hii kwa kawaida iko kati ya ampia 60 na 100. Ya kijana, fundi alipoifuta vumbi na kusoma kibandiko, ilikuwa 80. Zile 80 si za mziki. Gari lenyewe linakula kwanza: taa kubwa mbili za wati 55 zinachukua kama ampia 8, kisha kuna pampu ya mafuta, plagi, kompyuta ya gari, feni ya rejeta, na feni ya ndani ukiwasha kiyoyozi. Usiku wa joto la Tanga, hesabu ampia 40 zimekwenda. Zimebaki 40.

Amplifaya yake inaweza kuvuta 60. Je, 40 zilizobaki hazitoshi? Zinatosha, na hili ndilo watu hawaliamini mpaka waone. Mziki si mlio mmoja usiokatika. Ngoma inagonga, inatulia, inagonga tena. Mafundi huchukua theluthi ya kilele kuwa wastani, kwa hiyo 60 zinakuwa kama 20 kwa wastani wa dakika nzima. Singeli yenye besi isiyopumua itapandisha wastani huo, taarabu ya taratibu itaushusha, lakini bado kuna nafasi. Zile sekunde ambazo besi inavuta zaidi ya alteneta inavyoweza, betri iliyopo ya mbele inaziba pengo, kisha inajazwa. Kwa hesabu hii, IST ile haikuhitaji betri ya pili. Kulikuwa na ugonjwa mwingine.

Kabla ya kwenda kwenye ugonjwa, niseme jambo la foleni. Namba iliyoandikwa kwenye alteneta ni ya injini inayozunguka kwa kasi. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma chini chini, unaweza kupata nusu ya namba hiyo au pungufu. Ndiyo maana magari ya matangazo, yale yanayotembea mwendo wa kobe kuanzia Makorora mpaka Mikanjuni yakitangaza mechi ya Mkwakwani au mkutano wa hadhara, yanaua betri kuliko gari la safari ndefu. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, tiba ya kwanza ni alteneta kubwa zaidi. Mkanda nao uangaliwe, maana uliolegea unateleza na kuipora alteneta nguvu yake.

Basi betri ya pili ina kazi gani? Ina kazi moja ya kweli: kupiga mziki injini ikiwa imezimwa. Unaegesha Raskazone, unafungua buti, watu wanakaa ufukweni. Hapo Mabayani imefungwa, unakunywa simtanki. Betri ya kawaida ya ampia-saa 60 (ampia mara saa inazoweza kuzitoa) haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una ampia-saa 30 za kutumia. Kwa wastani wa ampia 20, ni saa moja na nusu kwa hesabu ya karatasi. Kwa uhalisia ni pungufu, kwa sababu betri ya risasi na asidi ikivutwa haraka hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Halafu watu wanarudi mjini na kudhani betri imejaa njiani. Safari ya dakika 10, hata kama betri ingepokea ampia 40 mfululizo, inarudisha ampia-saa 7 hivi. Umetumia 30. Fanya hivyo kila wikendi na betri itakufa kabla ya wakati wake, nawe utamlaumu muuzaji.

Tena betri ya kuwashia gari ina bati nyembamba ndani, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuishiwa chaji mara kwa mara kunazimaliza. Ukitaka ya pili, tafuta ya AGM, ambayo imefungwa na inavumilia zaidi. Katika Noah au IST, ambako buti na viti vya abiria ni chumba kimoja, betri ya maji ni hatari: ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na asidi yake ikimwagika inakula bati na ngozi ya mtu. Ziunganishwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12, na kati yake pawe na relei inayozitenganisha injini ikizimwa, la sivyo mziki wa ufukweni utamaliza zote mbili na mtasukuma gari mchangani.

Kuunganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine kunaleta volti 24, na amplifaya ya volti 12 inaweza kuungua papo hapo. Hili linatupeleka kwa wenye Coaster na Fuso, ambazo nyingi ni za volti 24 kwa betri mbili. Nimeona mara nyingi mziki wa volti 12 ukifungwa kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Unapiga, ndiyo. Lakini betri moja inatumika na nyingine haitumiki, huku chaja yao ni moja: moja inabaki na njaa, nyingine inashindiliwa mpaka inachemka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekwisha. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye ampia za kutosha amplifaya yako.

Kapasita nayo imepewa sifa isiyo yake. Ile chupa inayong'aa yenye namba za bluu, ya faradi 1, inabeba nini hasa? Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inatoa juli 26 za nishati (wati moja kwa sekunde moja ni juli moja). Amplifaya inayovuta wati 828 inazimaliza kwa sekunde 0.03. Besi moja ni ndefu kuliko hapo. Ikishatoa, inataka kujazwa, na anayeijaza ni alteneta ile ile iliyokuwa imechoka. Fedha ya kapasita nunulia waya.

Maana waya ndio moyo wa kazi hii, na ndio mahali watu wanapobana hela. Kila waya unapunguza msukumo kidogo, na kadiri ampia zinavyokuwa nyingi ndivyo unavyopunguza zaidi. Chukua mita 5 za shaba kutoka kwenye betri hadi buti, ampia 60 zikipita. Waya wa milimita za mraba 6 unapoteza volti 0.86. Wa 16 unapoteza 0.32. Wa 35 unapoteza 0.15. Hizo volti hazipotei hewani, zinakuwa joto ndani ya waya, chini ya zulia, pembeni ya bomba la mafuta. Na amplifaya iliyonyimwa volti inakata vilele vya sauti. Mziki unakwaruza, na ukizidi kuongeza sauti koili ya sabufa inaweza kupata joto kupita kiasi na kuungua.

Unene wa nje usikudanganye. Kuna waya mnono sana madukani ambao nusu yake ni plastiki, na wengine wengi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu inapitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo waya huo wa 16 unafanya kazi ya 10 hivi. Njia ya kuujua ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, si shaba. Ni mwepesi mkononi pia. Si kwamba ni haramu kuutumia, ila uchukue mnene zaidi, na ujue kwamba kwa hewa yetu ya chumvi unaoza haraka pale unapoishia. Hata shaba safi huku pwani inaota kutu ya kijani ndani ya mwaka kama imeachwa wazi. Ncha ibanwe kwa kishikio cha shaba na koleo lake, ivikwe mpira unaojikunja kwa joto, kisha ipakwe grisi. Kusokota nyuzi na kufunga utepe mweusi si kazi ya kudumu.

Ethi inataka heshima ile ile. Waya wa ethi wa amplifaya uwe mnene sawa na ule wa chanya, uwe mfupi, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Usifunge kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Bolti ile imewekwa kushika uhai wa mtu. Na safari haiishii hapo. Umeme ukishaingia kwenye bati la gari lazima upande tena kwenye hasi ya betri, kupitia kile kipande cha waya cha kiwandani kilicho chini ya boneti. Gari lilipotengenezwa Japani hakuna aliyekihesabia sabufa. Ndiyo maana mafundi wazoefu hubadilisha waya tatu kabla ya kugusa kitu kingine: alteneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Ni mita mbili tatu za waya. Kwa maoni yangu hakuna fedha inayorudisha faida kubwa kuliko hiyo.

Sasa fyuzi, na hapa nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri. Fyuzi kuu hailindi amplifaya. Inalinda waya usigeuke kuwa moto. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampia waya wa chanya ukigusa bati, na waya unakuwa mwekundu kabla hujapata spana ya kufungulia kichwa cha betri. Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi shubiri mbili, kwa sababu kipande chote kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Ukubwa wake unafuata waya: kwa shaba ya 35, fyuzi ya ampia 125 inatosha, kwa 16, usizidi 80. Anayeweka fyuzi ya 200 kwenye waya mwembamba "ili isikatike", au anayeziba kwa msumari, ameondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Na ukiwa na betri mbili, waya unaoziunganisha unahitaji fyuzi kila upande, kwa kuwa pande zote mbili ni chanzo. Pale waya unapotoboa bati kuingia ndani uvalishwe kipande cha mpira. Mtikisiko wa barabara unakula plastiki taratibu, na siku ya siku ndiyo hiyo.

Betri za lithiamu zimeanza kuulizwa. Zile za fosfeti ya chuma zina volti 12.8 na ni nyepesi, lakini usiifunge sambamba na ya asidi bila kifaa cha kati: zinachajiwa kwa tabia tofauti, na ya lithiamu ikiwa na njaa huvuta ampia nyingi kiasi kwamba alteneta inaweza kuungua. Kwa gari la mseto kama Aqua, nyaya za rangi ya chungwa usizisogelee. Volti zake zinaua.

Turudi kwa kijana na IST yake. Fundi aliwasha injini, taa na feni, akampigisha sehemu yenye besi ndefu, akachukua mita ya kupimia volti. Kwenye vichwa vya betri: volti 12.7. Kwenye amplifaya: 11.3. Volti 1.4 zinapotelea njiani. Akaweka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya, mita ikasoma 0.5: waya wa 16, wa aluminiamu. Halafu akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bati la gari. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Pakasoma 0.9.

Alifungua bolti ya ethi chini ya boneti. Kishikio kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, nyuzi nusu zimekatika. Taa za mbele nazo zinarudisha umeme kupitia bati lile lile, ndiyo maana zilikuwa zinacheza. Waya mpya wa 35 hapo, mwingine injini kwenda bodi, mwingine mpaka buti na fyuzi yake ya 125. Mziki ule ule, sauti ile ile: amplifaya ikasoma 12.5, na taa zikatikisika kidogo tu kwa jicho la anayetafuta.

Betri mpya ilirudi dukani mchana ule, bado ina nailoni yake.